Diwani Alipwe Mshahara? Mjadala Juu ya Mzigo wa Kata

Hoja iliyo mezani ni hii: kazi ya diwani wa Tanzania imekuwa nzito kiasi kwamba haiwezi tena kufanywa na mtu anayepewa posho huku akijitafutia riziki kwingine, kwa hiyo alipwe mshahara, aiache biashara yake au shamba lake, aitumikie kata mchana kutwa. Hoja hii huibuka karibu kila msimu wa bajeti, kisha huzimwa kwa jibu moja kwamba fedha hazipo. Haistahili kuzimwa hivyo. Nchi ina kata zaidi ya 3,900, na kila moja imemchagua mtu wa kuisemea kwenye halmashauri. Akielemewa huyo, zahanati isiyo na dawa na darasa lisilo na paa vinakosa msemaji.

Nimeipeleka hoja kwa sauti nne. Si watu wanne mahususi, ndiyo maana hawana majina. Ni misimamo ninayoisikia popote watu wanapomjadili diwani wao. Nimeiweka katika kata ya milimani Upare, kule tangawizi inakoshushwa kwa pikipiki na barabara zinakoharibika kila masika. Diwani yuko kipindi cha pili. Mtendaji ni afisa mtendaji wa kata. Mwalimu ni mwalimu mkuu mstaafu. Mama Mwenyekiti anaongoza kikundi cha wanawake cha kukopa na kuweka.

DIWANI: Shikamoo Mwalimu. Mama, habari za kwako. Naiunga mkono hoja, na nitaanza na asubuhi yangu. Jua halijachomoza, hodi imeshapigwa. Wa kwanza mkewe ameshikwa na uchungu, anatafuta gari la kumfikisha kituo cha afya. Wa pili jirani yake kang'oa masale ya mpaka usiku. Wa tatu ni bibi anayelea wajukuu, anasema jina lake halimo kwenye kaya za TASAF. Wa nne anataka barua ya utambulisho kwa ajili ya mwanawe. Namwambia barua huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ananijibu kuwa mwenyekiti hayupo, na kwamba yeye alinipigia kura mimi. Hapo sijanywa chai, na tangawizi yangu imemezwa na magugu. Kazi ya namna hii mtu anaifanyaje kwa posho?

MWALIMU: Marahaba, Mheshimiwa, na pole. Lakini tuzitenganishe hodi hizo. Kati ya hao wanne, nani aliyekuja kwa kazi ya diwani? Mgonjwa anahitaji gari la wagonjwa, na hilo ni jukumu la idara ya afya. Masale ni mgogoro wa ardhi; unaanzia serikali ya kijiji, kisha baraza la kata, ambalo tangu sheria ibadilishwe 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Kaya za TASAF huibuliwa mbele ya mkutano wa kijiji. Barua umeshaisemea mwenyewe. Tukikulipa mshahara kwa kazi za wengine, hao wengine wataendelea kulipwa kwa kazi uliyoifanya wewe.

DIWANI: Kwa hiyo niwafukuze mlangoni?

MWALIMU: Sijasema uwafukuze. Andika jina la yule bibi, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkutano wa kijiji ukifika uulize mbele ya wote kwa nini ameachwa. Ukimpa fedha yako ya unga, leo atakula. Jina lake litabaki nje ya orodha, na mwezi ujao atabisha hodi tena.

MTENDAJI: Wazee wangu, niruhusuni niitaje kazi yenyewe, maana tunajadili mzigo ambao wengi hawajawahi kuuona ukifunguliwa. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mimi ni katibu wake. Humo wamo wenyeviti wa vijiji, na mipango ya vijiji hupita hapo kabla ya kupanda wilayani. Kisha yeye ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, ambalo mkutano wake wa kawaida hufanyika kila robo ya mwaka. Kabla ya baraza kuna kamati za kudumu: ile ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi, ipo ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, ipo ya Elimu, Afya na Maji, na ipo ya Kudhibiti UKIMWI. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, linalotunga sheria ndogo na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akitoa hoja zake, baraza hukaa kikao maalumu kuzijibu. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, na ndiye katibu wa baraza. Diwani peke yake hawezi kumwamuru mhandisi wala mganga mkuu. Nguvu yake yote iko kwenye kikao, na ataipata tu akiingia amesoma.

MAMA MWENYEKITI: Kusoma nini, mwanangu? Tueleze na sisi tujue.

MTENDAJI: Kabrasha la kikao, Mama. Ninalo hapa. Huku nyuma kuna jedwali la mapato ya ndani. Kila mstari ni chanzo kimoja: ushuru wa mazao, ushuru wa soko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi. Safu ya kwanza ni makisio ya mwaka, ya pili ni makusanyo mpaka robo hii, ya tatu ni asilimia. Chukulia mstari wa ushuru wa mazao uonyeshe makusanyo duni, ilhali sisi sote tumeyaona malori yakipakia tangawizi pale njia panda msimu mzima. Mstari huo mmoja ni kazi ya kutwa nzima kwa diwani makini. Mashine za kukusanyia ushuru zilikuwa ngapi, na ngapi zilikuwa zinafanya kazi? Nani alisimama kwenye geti usiku? Fedha iliyokusanywa ilichukua siku ngapi kufika benki? Maswali hayo hayaandikwi kwenye kabrasha. Anayaleta mtu anayekaa karibu na njia panda.

DIWANI: Na kabrasha hilo likinifikia jana yake jioni, nilisome saa ngapi? Usiku niko msibani, alfajiri niko kwenye basi la kwenda wilayani.

MAMA MWENYEKITI: Basi hapo pa msiba niachieni mimi, niseme ukweli wa upande wetu. Diwani asipokuja kuzika tunasema ana majivuno. Akija mikono mitupu tunasema anakula peke yake. Harusi, kipaimara, maulidi, harambee ya kwaya, jezi za vijana, kadi ya kwanza huandikwa jina lake. Tumelelewa hivyo, mkono mtupu haulambwi. Lakini tusilaumiwe peke yetu. Wakati wa kampeni wagombea ndio wanaotufuata na vitenge, kofia na ahadi za mabati. Tukapokea, tukazoea, na sasa kila mmoja anaona kiti cha diwani kina mfuko nyuma yake.

DIWANI: Na mfuko wenyewe haupo. Mbunge ana mshahara, na ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliowekwa kwa sheria ya 2009. Mimi sina mfuko wa kata. Nina posho ya mwezi, posho ya kikao nikihudhuria, na kiinua mgongo miaka 5 ikiisha. Hata hiyo posho ya mwezi, zamani ilitoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na palipokuwa na makusanyo dhaifu madiwani walikaa miezi bila kitu. Nashukuru kwamba kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilibeba malipo hayo kwa halmashauri zenye uwezo mdogo. Ilikuwa haki. Ila posho ikija kwa wakati inabaki kuwa posho, na mahitaji ya kata hayasubiri.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapoipinga hoja kwa moyo wote. Posho haitoshi, misiba haiishi, harusi haziishi. Fedha itatoka wapi? Itatoka kwa mkandarasi. Itatoka kwa mfanyabiashara anayetaka kiwanja cha wazi. Diwani aliyekopa ili achangie sherehe za watu hawezi kusimama kwenye msingi wa zahanati akauliza nondo ni za milimita ngapi. Mshahara hautaliponya hilo. Majirani zetu wa Kenya, tangu ugatuzi uanze 2013, wana wadi 1,450 na wawakilishi wao wanalipwa mshahara. Lakini watu hawajaacha kuwaendea kuomba karo na mchango wa mazishi. Ukiongeza mshahara bila kubadili mazoea, umeongeza kiwango cha kadi ya harusi tu.

DIWANI: Mwalimu, unasahau kwamba sheria ya uchaguzi kwa miaka mingi imemtaka mgombea udiwani awe na njia halali ya kujipatia riziki. Maana yake walioitunga walimwona diwani kama mkulima au fundi anayekuja kikaoni mara chache na kurudi kazini kwake. Kazi imeshavuka hapo. Wanafunzi wameongezeka tangu ada ilipoondolewa, kuanzia 2016. Kila kijiji kinajenga boma la darasa. Wananchi wanatoa mawe, mchanga na nguvu zao kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, mpaka usawa wa renta, halafu halmashauri inaahidi kupaua. Nani anayezunguka kuhamasisha? Mimi. Boma likikaa mvua mbili bila paa, tofali zikaanza kumomonyoka, nani anayeitwa mwongo? Mimi.

MWALIMU: Kwenye maboma nakubaliana nawe, hiyo ni kazi yako halali kabisa. Diwani anayekwenda barazani na orodha ya maboma ya kata yake, lipi limefika renta, lini, na lipi liliahidiwa fedha kwenye bajeti ipi, huyo anafanya udiwani. Ninachokataa ni diwani anayekwenda barazani mikono mitupu kwa sababu nguvu zake zimeishia kwenye karamu.

DIWANI: Basi niongeze na jambo la pili, na hili sikubali kulaumiwa. Daraja likisombwa, watu wanakuja kwangu. Bomba likikauka, wanakuja kwangu. Lakini barabara za vijijini na mijini zilikwenda TARURA 2017, chini ya TAMISEMI. Maji ya vijijini yalikwenda RUWASA 2019, chini ya Wizara ya Maji. Wataalamu wao tunawaalika, wanakuja barazani, wanatoa taarifa, wanasikiliza. Ila bajeti yao hatuipitishi sisi. Vitu viwili anavyovililia mwananchi kuliko vyote, barabara na maji, havimo mikononi mwa baraza ninalotumwa.

MWALIMU: Zilikuwepo sababu. Wahandisi walitawanyika, fedha za barabara ziligawanywa vipande vidogo, na miradi mingi ya maji ilikufa mapema.

DIWANI: Sababu zilikuwepo, sibishi. Lakini mwananchi hakuambiwa kwamba anayepaswa kuulizwa amebadilika. Nimebaki na lawama, mamlaka yameondoka.

MTENDAJI: Mheshimiwa hajakosea hapo. Mimi ninayeandika mihtasari ya kamati ya kata naona maazimio ya barabara yakirudi kikao hadi kikao, kwa maneno yaleyale, kwa sababu hatuna wa kumbana. Na tusimsahau diwani wa viti maalumu. Idadi yao ni kama theluthi ya idadi ya madiwani wa kata. Hana kata yake peke yake, anaitwa na kata kadhaa, wanawake wanampelekea yale wasiyoweza kumwambia mwanamume, na yeye naye ana hodi na misiba ileile.

MAMA MWENYEKITI: Sasa mnisikilize kuhusu mikopo, maana hapa ndipo nilipomjua diwani ni nani. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi changu kilikopa, kikanunua mashine ya kusagia, kikarejesha. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima, kwa sababu ukaguzi ulikuta fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Mpaka 2024 ilipoanza kutolewa tena, sisi tuliokuwa tunalipa tuliadhibiwa pamoja na watu wasiokuwepo. Nauliza, majina ya vikundi hewa yalipitaje kwenye kamati zenye madiwani? Mtu anayeingia kila nyumba ya kata, anayemjua mjane wa kila kitongoji, angesoma orodha ile akasema, kikundi hiki hapa kwetu hakipo. Sentensi hiyo moja ingetufaa kuliko michango yote ya harusi.

DIWANI: Mama, sasa umenitetea. Ningelijuaje kundi hewa kama nisingeingia nyumba za watu? Misiba mnayoilalamikia ndiko ninakojifunza kata yangu.

MAMA MWENYEKITI: Na uje, Mheshimiwa. Njoo uzike nasi, kaa kwenye jamvi, utusikilize. Hatukukatazi kuja. Ninachosema ni kwamba usije na bahasha, na sisi tusiitazame mikono yako. Yale uliyoyasikia jamvini yapeleke kwenye kamati, kisha urudi utuambie ulijibiwa nini.

MWALIMU: Mimi nilianza kufundisha wakati nchi haina mabaraza ya madiwani. Serikali za mitaa zilivunjwa 1972. Miji ilirudishiwa mabaraza 1978, na sisi wa wilayani tukasubiri sheria za 1982. Katika miaka ile palikuwa na maofisa, wengine wachapakazi kweli, lakini hapakuwa na mtu ambaye kijiji kingeweza kumnyima kura kwa sababu darasa halikupauliwa. Nakumbuka uzito wa kutokuwa naye. Ndiyo maana nakuwa mkali kwa aliyepo. Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Madaraka hayafiki kwa bahasha ya rambirambi.

Hapo naufunga mjadala, na ninatoa uamuzi wangu.

Hoja ya mshahara, kama ilivyoletwa, siikubali. Diwani ana haki ya kulipwa vizuri kuliko sasa, na kwa wakati, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kumsimamia mwenye fedha. Lakini mshahara ukija peke yake utaingia kwenye shimo lilelile la michango. Mzigo unaomwangusha diwani ni mizigo mitatu iliyofungwa pamoja, nayo lazima ifunguliwe mmoja mmoja.

Wa kwanza ni kazi za wengine. Mwenyekiti wa kitongoji aandike barua zake, serikali ya kijiji isimamie mipaka na mikutano yake, idara ya afya ihakikishe gari la wagonjwa lina mafuta. Diwani awaulize pale wanaposhindwa, asiwafanyie. Wa pili ni lawama zisizo na mamlaka. Kama TARURA na RUWASA zitaendelea kusimamia barabara na maji, basi utaratibu uwekwe wa kulazimisha maazimio ya baraza yajibiwe kwa maandishi na kwa muda uliowekwa, na mpango wao wa mwaka upite mbele ya madiwani kabla ya kufungwa. Wa tatu ni mfuko usiokuwepo, na huu tumeushona sisi wapiga kura pamoja na wagombea wetu. Hakuna sheria itakayouchana. Tutauchana wenyewe siku tutakapoacha kumpima diwani kwa bahasha.

Mizigo hiyo ikishuka, inabaki kazi yenyewe, nayo ni nzito ya kutosha: kuongoza kamati ya kata, kulisoma kabrasha, kuuliza kuhusu ushuru uliokusanywa na usioonekana, kukagua orodha ya vikundi, kufuatilia boma mpaka lipate paa, na kurudi vijijini kueleza. Halmashauri nazo zitimize wajibu wao. Kabrasha limfikie diwani mapema, naye apewe mafunzo ya kusoma bajeti tangu mwaka wa kwanza, asiachwe ajifunze mpaka kipindi kinaisha.

Kwako msomaji, ninalo ombi moja. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda. Diwani akisimama, usimwombe jezi wala mchango. Mwombe akueleze baraza lililopita lilijadili nini kuhusu kata yenu, yeye alisema nini, na alijibiwa nini. Akiwa na majibu, mpe kura yako tena hata kama hakufika kwenye harusi ya mwanao. Akiwa hana, usimpe, hata kama alichangia ng'ombe mzima.